Nguzo ikipigwa picha haigeuki sumu

Mhariri,

Salamu kutoka Busia, huku upande wa Uganda, ambako gazeti lako linatufikia saa nne hivi likishavuka mpaka na tunalisoma moja watu sita kwa kibanda cha chai, wa mwisho anapata kurasa za michezo zimeshalowa. Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya ndugu mmoja aliyelalamika kwamba kuna watu walikuja usiku na mashine ya mionzi wakapiga picha ghorofa iliyo jirani na kwake, na eti tangu siku hiyo kuku wake wanakufa, na lile jengo sasa limejaa sumu halifai mtu kulala ndani, na serikali ipige marufuku hiyo kazi kabisa. Nilisoma mara mbili. Mi ni fundi wa konkriti, huu mwaka wa 27 sasa, shule sikwenda mbali lakini hiyo mashine nimefanya kazi kando yake, nimebeba filamu zake, nimeshika kamba ya kuzuia watu, kwa hivyo naomba nafasi kidogo.

Kuku tuwamalize kwanza. Ndugu yangu, kuku wanakufa na kideri kila kiangazi, wa kwangu wameisha mara tatu na hakuna mtu amewahi kupiga mionzi hapa kwetu kijijini. Nenda kwa daktari wa mifugo ununue chanjo.

Sasa hiyo mashine. Mwenye jengo mmoja hapa mjini, jina lake silisemi kwa sababu bado ananidai na mi namdai, alikuwa na ghorofa moja juu ya maduka akataka aongeze ya pili. Ramani ya jengo alikuwa nayo, imekunjwa kunjwa, inasema kila nguzo ina vyuma 6 vya milimita 16. Lakini aliyejenga alishaondoka zamani, na sote tunaojua hii kazi tunajua ramani inasema nini na usiku lori la vyuma linapelekwa wapi. Mimi nikamwambia mzee, kabla hujaweka mzigo juu tuhakikishe ndani kuna nini. Akasema basi toboa uone. Nikamwambia nguzo ya sentimita 23 ukianza kuitoboatoboa kutafuta vyuma, utapata jibu lakini nguzo hutabaki nayo. Ni kama kumpasua mgonjwa ndio ujue kama anaumwa tumbo.

Injinia aliyeletwa, kijana wa Kampala, hakukimbilia mionzi, na hilo nilimheshimu. Alianza na vitu vya bei rahisi. Alikuwa na ile nyundo ya springi unayosukuma kwa ukuta inaruka nyuma inakupa namba, hiyo inakwambia tu ngozi ya konkriti ni ngumu kiasi gani. Alafu kimashine cha kutafuta chuma kinacholia kikipita juu ya chuma, kizuri, lakini vyuma vikikaribiana kinachanganyikiwa, na kikipata chuma cha mbele hakikwambii sana ya nyuma. Alafu mawimbi ya sauti, anaweka kitu upande huu na kingine upande wa pili anapima sauti imechukua muda gani kupita, ikichelewa ujue ndani kuna kitu. Kwa nguzo mbili sauti ikachelewa. Hapo ndio akasema hizi mbili, na zingine chache za kulinganisha, zipigwe picha.

Wale waliokuja walikuwa watatu na pikapu yenye alama. Kisanduku chao ni kidogo, unaweza kukibeba kwa mkono mmoja kama jeri keni lakini kinazidi kilo 20 kwa sababu ndani kimejazwa chuma kizito kuliko hata madini ya risasi. Katikati yake ndio kuna chenyewe, kidonge cha iridiamu 192, chuma kinachotoa mionzi chenyewe, milimita chache tu, ukikiweka kwa sahani ya wali hutakiona. Hakina swichi. Hili watu hawalielewi, na hata yule ndugu wa barua ameandika "wakaiwasha". Mashine ya eksirei ya hospitali inatumia umeme, ukizima imezimika. Kile kidonge hakizimwi, kinatoa mionzi mchana na usiku, kinachofanyika ni kukitoa ndani ya kisanduku na kukirudisha. Wanafunga mpira mrefu kutoka kwa kisanduku mpaka pale kwa nguzo, wao wanasimama mbali wakizungusha mkono kama mtu anayechota maji kwa kisima, kamba ya chuma inakisukuma kidonge mpaka mwisho wa mpira, kinakaa hapo kinaangaza, wakimaliza wanazungusha kinyume kinarudi nyumbani kwake.

Upande wa pili wa nguzo unafunga filamu, imewekwa ndani ya bahasha nyeusi na karatasi za risasi. Mionzi inapita ndani ya konkriti kuja kwa filamu. Penye chuma inazuiwa zaidi kwa hivyo filamu inabaki nyeupe nyeupe, penye uwazi inapita nyingi filamu inakuwa nyeusi. Ni kitu kile kile alichofanya yule Mjerumani Röntgen mwaka 1895, alipopiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana na pete kwa kidole, nyama kama kivuli. Sasa wewe fikiria konkriti ni nyama, vyuma ni mifupa, na ringi ni pete. Hata jina tunatumia hilo hilo la ringi kwa zile tunazofungia vyuma.

Filamu ya kwanza ilikaa karibu saa nzima. Konkriti si kifua cha mtu. Kwa iridiamu unaweza kwenda mpaka sentimita 25 hivi, ukizidisha hapo unakesha bure. Kuna kidonge kingine cha kobalti 60 chenye nguvu zaidi, hiyo inafika karibu nusu mita lakini kisanduku chake ni kizito mno na eneo la kufukuza watu linakuwa kubwa, ukienda unene wa zaidi ya hapo unahitaji mashine kubwa za kuharakisha elektroni ambazo mi sijawahi kuziona. Iridiamu nayo inachoka, nguvu yake inashuka nusu kila siku 74, ndio maana wale jamaa wana karatasi wanahesabu leo ni siku ya ngapi kabla ya kusema filamu ikae dakika ngapi. Kobalti inachukua miaka 5 na kidogo kufika nusu.

Kuna kitu kimoja walifanya nikakipenda sana. Picha ni bapa, ukiona chuma kwa picha hujui kiko karibu na wewe au kiko nyuma. Kwa hivyo wanapiga mara mbili, ya pili wanakisogeza kidonge pembeni kidogo. Jaribu mwenyewe sasa hivi hapo ulipo, nyoosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho moja, alafu fungua hilo ufunge lingine, kidole kinaruka lakini ukuta wa mbali umetulia. Basi na chuma ni hivyo, kile kilicho mbali na filamu kivuli chake kinaruka sana, kilichokaribia filamu kinasogea kidogo tu, wanapima kwa rula wanapiga hesabu wanakwambia chuma hiki kimezama sentimita 4 na kile 15.

Asubuhi filamu zilipokauka tukaziweka kwa dirisha. Kila mtu kimya. Vyuma vilikuwa 4. Sio 6. Ringi ambazo zinafaa kukaa karibu karibu zilikuwa mbali mtu anapitisha mguu, na kwa nguzo moja pale juu inapokutana na biimu, ule mhimili unaolala juu ya nguzo, kulikuwa na doa jeusi kubwa kama ngumi mbili, limetawanyika, yaani pale vyuma vilirundikana na fundi hakuingiza vaibreta, ile mashine ya kutikisa konkriti ishuke, kokoto zikakaa juu ya vyuma na saruji haikushuka, ndani kukabaki kama sega la nyuki. Na kwa nje alikuwa ameipiga plasta safi kabisa na rangi ya krimu juu. Mi nimepaka plasta ya namna hiyo maishani mwangu, wacha niseme ukweli, nilipokuwa kibarua na foromani akasema ziba hapo haraka injinia anakuja. Kwa hivyo nilipoiona ile picha sikumcheka mtu.

Sasa nirudi kwa sumu. Yule ndugu anasema jengo limebaki na mionzi. Hapana. Mionzi ya gama ya hii kazi inapita kama mwanga unavyopita kwa kioo, ukizima kurunzi kioo hakibaki kinawaka. Wangapi wetu tumepigwa eksirei ya kifua, ulirudi nyumbani ukimulika njia? Kuna mionzi ya aina nyingine, ya nyutroni, hiyo inaweza kufanya kitu kingine kianze kutoa mionzi yake chenyewe, lakini hiyo haitoki kwa iridiamu. Kidonge kikisharudi ndani ya kisanduku na yule jamaa akapita na kipimo chake akathibitisha kimerudi, unaweza kuegemea ile nguzo ukala chapati. Mama wa chapati aliyekuwa hapo chini, ambaye usiku ule tulimuomba asogeze jiko lake mpaka ng'ambo ya barabara na akatutukana kwa lugha tatu, asubuhi alikuwa pale pale anapika na mi nilikuwa wa kwanza kununua.

Lakini sitaki msomaji aelewe kwamba hakuna hatari. Hatari ipo, ni kubwa, ila haikai kwa jengo, inakaa kwa kidonge. Wakati kiko nje ya kisanduku hutakiwi kuwa karibu hata dakika moja. Umbali ndio dawa, ukienda mbali mara mbili unapata robo, ukienda mara tatu unapata sehemu moja ya tisa, ndio maana kamba zinafungwa mbali na kazi inafanywa usiku watu wakiwa wamelala. Sisi tulipewa kadi za kubandika kwa shati zinazopima umepata kiasi gani. Mtu wa kawaida haruhusiwi kupata zaidi ya milisiverti 1, hicho ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, kwa mwaka kutokana na kazi kama hizi, anayefanya kazi hiyo ni 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5. Nilipoomba kuchungulia karibu nione kidonge kikitoka nilifukuzwa vibaya sana, na walifanya vizuri.

Kitu kinachoninyima usingizi mimi, na hiki ndicho yule ndugu angeandikia barua, ni sikrapu. Hapa Busia kila kona kuna kijana na mzani, ananunua betri, bati, injini, kengele ya shule. Mwaka 1987 huko Brazil, mji wa Goiânia, kliniki ilihama ikaacha mashine yake ya matibabu ya mionzi ndani ya jengo tupu, watu wakaingia wakaichukua wakaiuza kwa sikrapu, wakaivunja, ndani wakakuta unga unaong'aa rangi ya buluu gizani, wakaugawana kama kitu cha ajabu, watoto wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja mtoto wa miaka 6, na watu zaidi ya 100,000 wakapangwa foleni kupimwa. Ile ilikuwa sizimu 137, kitu kingine kinachotoa mionzi. Na mwaka 1999 Peru, mahali panaitwa Yanango kwenye mtambo wa umeme wa maji, kidonge cha iridiamu kama hiki hiki chetu kilidondoka bila mwenyewe kujua, mchomeleaji akaokota kitu kidogo kinachong'aa akakitia kwa mfuko wa nyuma wa suruali akaenda nacho nyumbani. Walimkata mguu. Kitu kidogo vile. Sasa niambie kijana wa sikrapu wa Busia ataona tofauti gani kati ya hicho na bolti.

Kwa hivyo hao wapiga picha wakija kwako usiwafukuze, waulize maswali. Hapa Uganda tuna sheria ya nishati ya atomiki ya mwaka 2008 na kuna Baraza la Nishati ya Atomiki ambalo ndilo linatoa leseni, mtu hawezi tu kutembea na kidonge kwa pikapu. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ana haki ya kuomba aone hiyo leseni, aone kipimo kinafanya kazi, aone kamba imefungwa wapi, na aambiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wale wetu walimwambia mwenyekiti lakini mwenyekiti hakuwaambia watu, akadhani ni mambo ya serikali, na kufikia asubuhi mji mzima ulikuwa na hadithi yake, wengine ni dhahabu inatafutwa, wengine ni wachawi wa Kampala. Nadhani hata kwa yule ndugu wa barua ilikuwa hivyo, watu walikuja usiku hawakusema neno wakaondoka, mtu atafikiri nini? Hapo namuunga mkono kabisa. Gari lipite na spika mchana useme jamani leo saa nne usiku mpaka saa tisa msikanyage hapa, basi.

Na mabosi nao wasidhani picha inaona kila kitu. Ufa mwembamba ukikaa umekingama njia ya mionzi filamu inaweza isiuone kabisa, ni kama kutazama karatasi kwa mbele na kuitazama kwa ukingo. Msingi hutaupiga picha kwa sababu huwezi kuingiza filamu chini ya ardhi, lazima ufikie pande zote mbili. Slabu, ile sakafu ya konkriti ya ghorofa, unapiga lakini filamu ikae chini na kidonge juu, kwa hivyo vyumba vyote vya chini vinahamwa. Na konkriti dhaifu, ile saruji mfuko mmoja na mchanga wa kukisia, kwa picha inaweza kuonekana sawa tu na nzuri, hiyo bado unahitaji kukata kipande ukivunje maabara. Siku hizi kuna rada za kusukuma juu ya slabu kama kigari cha mtoto, hazina mionzi ya namna hii na zinatumia upande mmoja tu, na kwa kazi nyingi mi ningeanza na hizo. Filamu naiona ni ya pale ambapo kuna ugomvi, ambapo lazima uone chuma kwa macho.

Na ugomvi upo mwingi. Bwebajja, barabara ya Entebbe, mwaka 2004 hoteli iliyokuwa bado inajengwa ilianguka ikaua vibarua, na tangu hapo kila baada ya muda tunasikia ghorofa imelala mahali. Daraja la Karuma la mwaka 1963 lilifungwa 2024 ili lirekebishwe, madereva wetu wa malori wa hapa Busia wanaokwenda Arua na Juba wanakumbuka ule mzunguko. Na usifikiri ni Afrika peke yake, Italia pale Genoa daraja la Morandi lilianguka Agosti 14, 2018 watu 43 wakafa, na moja ya shida ni kwamba kamba za chuma zilizokuwa zinalishikilia zilikuwa zimefunikwa ndani ya konkriti, kutu inakula ndani na nje hakuna anayeona. Hapo ndipo ninapomshangaa mtu anayesema hii kazi ipigwe marufuku. Unaogopa kitu kinachoonyesha kasoro, kasoro yenyewe unalala chini yake.

Mwenye jengo wetu? Alikasirika kwanza, akasema wale wa picha wamemuibia pesa, kwa sababu bei yao si ya kunywea chai na walichomletea ni habari mbaya. Siku ya pili akatulia akaniuliza kwa sauti ndogo, sasa fundi tunafanya nini. Tukazivalisha nguzo zote za chini koti jipya la vyuma na konkriti, ile yenye sega la nyuki tukaichokonoa mpaka penye afya tukaijaza upya, na hapo vaibreta nilishika mimi mwenyewe. Ghorofa ya pili hakuweka. Ameweka matangi ya maji na bendera ya timu yake.

Filamu moja alinipa, ile ya vyuma 4, iko kwangu imefungwa kwa gazeti, na ndio, ni gazeti lako. Ndugu wa kuku akipita Busia aje kibanda cha chai nyuma ya stendi ya malori aulizie fundi wa nguzo, nitamuonyesha kwa jua, na aishike kwa mkono wake.

Wako,
Fundi wa konkriti,
Busia, Uganda